Diski Zisizoita Jina la Mtu

Jumapili moja baada ya misa, vijana wa avenue yetu hapa Kadutu, mjini Bukavu, walikuja kuketi kwenye baraza yangu na kuniuliza swali nililokuwa nimelingoja miaka mingi: Papa Mugisho, albamu gani za techno ni bora kuliko zote? Walidhani nitababaika. Walidhani mzee mwenye mvi atawahadithia rumba na magitaa mpaka machozi yamtoke. Niliwaambia wakae vizuri, kwa sababu mtu waliyemuuliza ndiye aliyeuzoesha mji huu mpigo huo, na wakitaka mwingine itabidi wamtafute ng'ambo ya ziwa. Sasa naandika yale niliyowajibu, ili ninyi ambao hamkuwepo msije mkahadithiwa vibaya.

Nilikuwa opérateur. Ndivyo tulivyoitwa kabla ninyi hamjaanza kusema DJ. Maisha yangu ya kazi niliyamalizia kwenye ukumbi wa Maman Sifa, pale Nyawera, kwenye matinée, yaani dansi za mchana, za Jumamosi na Jumapili, na kwenye harusi nyingi kuliko zile ambazo mapadri wengi wamefungisha. Nimeacha kazi kwa sababu ya mgongo na sikio la kushoto. Ladha yangu haina ugonjwa wowote, na mkibishana nami juu ya albamu hizi mtarudi kwenu mmeshindwa.

Kwa wasiojua, techno ni muziki wa mashine. Haina mwimbaji, mpigo wake ni ule ule, na mambo yake hubadilika polepole kama bugali jikoni: ukikodolea sufuria huoni kitu, ukigeuka kidogo tu unakuta mwiko hauzunguki tena kama mwanzo. Ndiyo maana nakasirika nikiwaona mnasikiliza nusu dakika, kisha kidole kinaruka kwenye wimbo mwingine. Albamu husikilizwa upande mzima. Asiyeweza kuvumilia upande mzima akasikilize matangazo ya biashara.

Jambo moja kabla sijaanza. Albamu zangu hazina majina ya kweli, na msiniombe niyataje. Zamani zile opérateur mmoja mpinzani wetu kutoka Bagira alikuwa akija kwenye matinée, anaagiza sucré moja, yaani soda, anaketi karibu na meza yetu na kukaza macho kwenye ile karatasi ya duara iliyoko katikati ya diski. Akishaisoma, baada ya muda diski ile ile inapigwa Bagira, imeletwa na binamu yake kutoka Ulaya. Basi mimi na mwalimu wangu wa kazi tukawa tunazilowesha karatasi zile kwa maji ya uvuguvugu na kuzibandua kwa ukucha, taratibu, bila kugusa mifereji. Kazi safi kabisa. Mpinzani wetu akawa anakunywa sucré zake bure. Lakini majina hatukuyaweka popote, kila mmoja akiamini mwenzake anayakumbuka, na haikuchukua muda hata sisi wenyewe hatukujua tunapiga nini. Wachezaji ndio waliozipa diski majina ninayoyatumia hapa.

Kijana mmoja pale barazani, Fiston, alisema hilo si tatizo, simu yake inaweza kusikia muziki wowote na kutaja jina lake. Nikawasha kaseti niliyoirekodi ukumbini wakati ule. Simu ikasikiliza, ikazungukazunguka, ikakataa. Mara ya pili ikatuambia kwamba ni wimbo wa watoto wa shule kutoka nchi nisiyoijua hata kwenye ramani.

“Papa, iyi kaseti yako iko na shida,” Fiston akasema.

“Kaseti haiko na shida,” nikamjibu. “Courant njo ilikuwaka na shida.”

Hapo ndipo nilipowaeleza albamu inayoitwa Frigo. Tulipiga diski kwa groupe, yaani jenereta, kwa kuwa courant, umeme wa mji, ilikatika ilipotaka. Platini zetu za zamani, mashine za kuzungushia diski, zilifuata mwendo wa groupe. Groupe ikichoka, diski inazunguka polepole. Groupe ikipata nguvu, diski inakimbia. Na kilichoichosha groupe ni frigo za Maman Sifa, mwenye ukumbi, ambaye hakukubali kabisa kuuza bia ya moto. Akichomeka frigo ya kwanza, mpigo unashuka kidogo. Akichomeka ya pili, wachezaji wanaanza kukunja magoti. Diski hiyo ilitengenezwa iwe ya kasi, ya kurukaruka, lakini sisi tuliijua katika mwendo wa frigo mbili, nzito, ya mabega, na watu wote wa matinée waliicheza hivyo. Siku moja mgeni kutoka Bujumbura alituletea platini mpya isiyojali groupe, akaipiga katika mwendo wake halali. Watu walisimama wakatazamana. Mama mmoja akauliza kama opérateur ana safari. Mpaka leo nashikilia kwamba waliotengeneza albamu ile walikosea mwendo, na sisi wa Bukavu tukawasahihisha.

Ujuzi mmoja wa kuchukua hapo: platini zako mbili zichomekwe mahali pamoja. Zikishuka zishuke pamoja, zikipanda zipande pamoja, na wewe utaonekana fundi. Kuna siku courant ya mji ilirudi katikati ya matinée, nikahamisha platini moja na kuacha nyingine kwenye groupe. Nilipojaribu kuziunganisha, moja ilienda zake na nyingine ikaenda zake, na sauti iliyotoka kwenye bafle ilifanana na mtu anayeanguka kwenye ngazi amebeba masufuria. Watu walicheka mpaka wakaketi chini.

Aliyenitoa kwenye aibu ile kwa kuzima platini moja ni mwalimu wangu, Muzee Zihalirwa, na lazima mumjue, kwa sababu bila yeye msingekuwa na mtu wa kumuuliza maswali yenu. Alikuwa opérateur wa ukumbi kabla yangu. Alikuwa mtu wa Walungu, mrefu, mkimya, fundi wa amplificateur, na hakumruhusu mtu yeyote kugusa kitufe cha sauti, hata Maman Sifa mwenyewe. Sanduku la kwanza la diski za techno lilimjia kutoka kwa mzungu mmoja wa mambo ya maji, aliyekuwa akikaa Muhumba na ambaye siku ya kurudi kwao aliona begi lake ni zito. Angeweza kumwachia redio au baiskeli, na historia ya mji ingekuwa tofauti. Zihalirwa alilibeba sanduku kichwani mpaka Nyawera, akalifungua, akasikiliza kila diski pande zote mbili, kisha akaniambia tumepata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Watu walisimama na chupa mkononi wakingoja mwimbaji aanze. Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa heshima, alikuja mezani akauliza kwa upole, “Opérateur, muimbaji yako ataanza saa ngapi?”

“Iko mu njia,” Zihalirwa akamjibu bila kutabasamu. “Anatokea Uvira.”

Kwa miezi mingi kila aliyeuliza aliambiwa mwimbaji yuko njiani kutoka Uvira. Wengine walianza kuilaumu barabara. Lakini walipokuwa wakingoja, miguu yao ilianza kufanya kazi peke yake, na hicho ndicho Zihalirwa alichokitaka. Somo lake la kwanza kwangu lilikuwa kwamba nisitazame diski, nitazame viatu. Mwanzoni kila mtu akilalamika nilibadilisha diski mara moja, na ukumbi ukawa mtupu saa kumi ya mchana. Akaniita pembeni.

“Mutu akisema muziki iko mubaya, ule bado iko ndani ya salle,” akaniambia. “Ogopa ule mwenye ananyamaza na anatafuta koti yake.”

Albamu nyingine iliyo moyoni mwangu inaitwa Bakuli. Mvua ya Bukavu mnaijua, na bati la ukumbi lilikuwa na tundu juu kabisa ya sanduku letu. Asubuhi moja nilikuta diski zimelowa, magamba ya karatasi yanayozifunika yamevimba, na mimi kwa bidii yangu nikapanda juu ya bati na kuzianika kwenye jua kama mtu anayeanika muhogo. Nilishuka kunywa chai. Niliporudi, moja ilikuwa imejikunja ukingo mzima, unaweza kuitilia mchuzi. Nyingine nilizidaka kabla hazijaharibika, lakini ile ilikuwa imekwisha kuwa chombo cha jikoni.

Niliogopa kumwonyesha Zihalirwa. Yeye aliigeuza mkononi, akaiweka kwenye platini, akatazama sindano inavyopanda na kushuka, kisha akatafuta kifuniko cha chupa na kukibandika juu ya kichwa cha sindano ili kiwe na uzito. Muziki ukatoka. Ulikuwa unayumba kidogo kila mzunguko, kama pirogue inayovuka kwenda kisiwa cha Idjwi siku ya upepo, na kuyumba huko kuliifanya albamu iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Wanawake ndio walioipenda kwanza. Ninyi mnanunua mashine za kutengeneza kuyumba kama kule, mimi nilikupata bure juu ya bati. Hata hivyo msianike diski juani. Zifuteni kwa maji ya mvua na sabuni kidogo, kwa kitambaa cha shati kuukuu, kisha zisimamisheni kivulini zijikaushe zenyewe.

Ya tatu ni Kinu. Jina hilo lilitolewa na vijana wachimba dhahabu wa Luhwindja, waliokuwa wakishuka mjini na kuja moja kwa moja kwenye matinée na matope bado kwenye soli. Katika albamu hiyo kuna mlio unaogonga chini kabisa, mkavu, na wao walisema ni mlio wa wanawake wanaotwanga mawe kwao. Walikuwa wakicheza kwa mikono miwili juu, wanaishusha pamoja kwa nguvu, na ubao wa sakafu unalia. Maman Sifa aliniomba niipige mara moja tu kwa siku, kwa ajili ya sakafu. Kwa upande wa pili wa albamu hiyo sina sifa. Kuna mtu humo anapiga filimbi bila sababu, na kama mnaipenda filimbi ile ni shauri yenu.

Basi tumebaki na albamu ya kwanza kabisa, ile ninayoiweka juu ya zote. Inaitwa Nyeupe, kwa sababu gamba lake lilikuwa jeupe tupu, na karatasi ya katikati pia, hata sisi hatukuwa na cha kubandua. Kwa miaka mingi nilikuwa naiona ya kawaida. Haina kishindo. Inaanza na mpigo kama mtu anayegonga mlango wa jirani usiofungwa, na inakwenda hivyo kwa muda mrefu, kisha vitu vidogovidogo vinaingia kimoja kimoja na kukaa. Zihalirwa aliipenda, mimi nilisema ni ya kufagilia ukumbi. Aliyenifanya niiweke juu ni Nsimire, binti yake, siku ya harusi yake, na hiyo lazima niwaeleze vizuri.

Mnajua muziki wetu ulivyo. Mwimbaji hawezi kumaliza ubeti bila kuita jina la mtu: mfanyabiashara fulani, afande fulani, mwana wa fulani. Kwenye harusi ni hivyo hivyo. Maharusi wanapoingia ukumbini nyuma ya msafara wa wasindikizaji, wakicheza hatua mbili mbele na moja nyuma, animateur anasimama na micro na kuita majina ya wakubwa wa familia. Anayeitwa kwanza ndiye mkubwa. Anayesahauliwa ananuna mpaka ubatizo wa mtoto wa tatu. Nimeona familia zikikosana zaidi kwa sababu ya majina kuliko kwa sababu ya mashamba.

Zihalirwa alikufa kwa ugonjwa Nsimire akiwa bado sekondari. Ndugu mdogo wa marehemu, Balagizi, alimchukua mtoto, akamsomesha, akamtunza kama alivyowatunza wake. Alikuwa mtu mzuri, tena mkali, na kwa desturi yetu ndugu ya baba ni baba. Harusi ilipofika, msafara wa Walungu ulishuka kwenye bus mbele ya ukumbi wa Maman Sifa, na Balagizi akaja moja kwa moja kwenye meza yangu akiwa na suti ya kijivu na kofia mkononi.

“Mugisho, pa mulango, animateur aniite miye wa kwanza,” akasema. “Aseme: baba ya bibi harusi.”

Kabla sijajibu, baba wa bwana harusi naye alikuwa amefika. Wao walikuwa watu wa Idjwi, na yeye alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya maji.

“Sisi tulivuka na pirogue ya moteur, na bamaman, na batoto,” akasema. “Mwenye kuoa njo anaitwa wa kwanza.”

Nikawaambia nitaona. Nikatoka nje, ambako gari la maharusi lilikuwa limesimama na maua yake. Nsimire alishusha kioo. Alikuwa amejipamba vizuri na macho yake yalikuwa mekundu.

“Papa Mugisho, unajua tonton Balagizi anataka nini?”

“Najua.”

“Miye sikatae tonton. Alinilea vizuri, na nitamupigia magoti mbele ya batu yote. Lakini asiitwe mu nafasi ya papa. Ile nafasi haiko ya mutu mwingine. Kama animateur anasema baba ya bibi harusi na si jina ya papa, miye sishuke mu gari.”

Nilirudi ndani nikamweleza Balagizi kwa upole. Hakupandisha sauti. Alivaa kofia yake.

“Kwetu ndugu ya papa ni papa,” akasema. “Kama hamuniite, miye na batu yangu tunapanda mu bus, tunarudia Walungu. Baone ginsi bataoa mbele ya viti.”

Na hakuwa anatania, kwa sababu mama wawili nyuma yake walikwisha kuokota vikapu vyao. Nikaona kilichokuwa mbele yetu. Ama binti wa mwalimu wangu aingie huku nafasi ya baba yake ikitangazwa kuwa ya mtu mwingine, ama aketi mbele na upande wa kwao wote ukiwa viti vitupu. Upande wa Idjwi nao walikuwa wanaangalia nani ataitwa. Niliumia, nawaambia wazi. Nilimkumbuka Zihalirwa na kutamani awepo, si kwa ajili ya binti yake tu, hata kwa ajili yangu, aniambie nitazame nini.

Nikachukua micro kutoka kwa animateur na kuizima, nikaiweka ndani ya droo ya meza. Nikawaita wazee wote wawili.

“Leo pa kuingia hakuna jina itaitwa,” nikasema. “Ya mutu yeyote.”

“Hata ya ule?” Balagizi akauliza, akimwonyesha baba wa bwana harusi kwa kidevu.

“Hata ya ule.”

“Hata ya ule?” mzee wa Idjwi naye akauliza.

“Hata ya ule.”

Balagizi akaivua kofia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, na hapo sikuona tena ukali wowote kwake, “Na ya mukubwa yangu? Ya Zihalirwa?”

Hilo ndilo jina nililotaka kuliita kuliko yote. Ningeliita mpaka sauti inikauke. Lakini kama ningelitaja hilo, mlango ungefunguka kwa mengine yote.

“Hata yake,” nikasema.

Wakatazamana, kila mmoja akihakikisha mwenzake hajapata kitu, na wakakubali. Balagizi aliwaambia wale mama waweke vikapu chini. Mimi nikabaki na shida yangu: nipige muziki gani? Nilianza kupekua. Wimbo wa kwanza niliouchukua ulikuwa unamwita mfanyabiashara wa Kinshasa, na Balagizi, aliyekuwa amesimama nyuma ya bega langu, akasema, “Ule naye anitangulie?” Wa pili ulikuwa unamwita afande. Wa tatu ulitaja watu wote wa mtaa mmoja, pamoja na mtengeneza viatu. Nikafikiria nyimbo za kwaya, lakini watu wa Walungu walikuwa Wakatoliki na wale wa Idjwi Waprotestanti, na kila upande ungetambua kwaya ya mwenzake tangu sauti ya kwanza. Ndipo mkono wangu ulipogusa gamba jeupe.

Niliiweka kwenye platini. Courant ya mji ilikuwa imekatika tangu asubuhi, tulikuwa kwenye groupe, na nilipoijaribu kwenye kisikilizio nikaona ina haraka mno kwa watu waliovaa viatu vya harusi. Nikamgeukia Maman Sifa aliyekuwa mlangoni pa jikoni.

“Maman Sifa, chomeka frigo yote!”

“Yote? Groupe itakufa!”

“Haitakufa. Chomeka.”

Akachomeka ya kwanza, akachomeka ya pili. Groupe ikanguruma nyuma ya nyumba. Akachomeka ya tatu, ile ya samaki, na mpigo ukashuka mpaka mahali ambapo mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kuufuata bila kuhema. Nikafungua sauti.

Kwanza hakuna aliyesogea. Watu walikuwa wanangoja animateur, na animateur alikuwa ameketi mikono mapajani kama mtu aliyefiwa. Mpigo ukaenda. Wasichana wa mbele wakatazamana, wakajaribu hatua mbili mbele na moja nyuma, ikakubali. Msafara ukaanza kuingia. Katika ule ukimya uliokuwa katikati ya mpigo na mpigo, mama mmoja wa Idjwi akapiga kigelegele, kirefu, na kikapata nafasi yote ya kumalizika. Mama wa Walungu wakamjibu. Hakuna mwimbaji aliyekuwa anawafunika. Muda si muda pande zote mbili zilikuwa zinajibizana, na Balagizi, kofia yake imerudi mkononi, alikuwa anapiga hatua pale pale aliposimama huku akitikisa kichwa.

Maharusi wakaingia mwisho. Nilitazama viatu, kama nilivyofundishwa. Viatu vyeupe vya Nsimire vilikuwa vinakwenda bila haraka, vikishuka sawa na mpigo, na nilijua kwamba tumepita salama.

Upande mzima wa albamu ulitosha kuwafikisha mbele. Baada ya hapo niliitoa micro kwenye droo na animateur akaita majina ya watu wote mpaka akapoteza sauti, wakati ambapo haikumuuma mtu yeyote tena nani ametangulia. Balagizi alikuja mezani jasho likimtoka, akaniambia kwamba diski ile ni nzuri ila ni ndefu kidogo. Mzee wa Idjwi akataka kujua kama inapatikana sokoni.

Nsimire alikuja wakati watu wanakula. Alikuwa ameinua gauni kwa mkono mmoja ili lisifagie sakafu, na alisimama kando ya platini pale baba yake alipokuwa akisimama. Alisubiri nimalize kufuta diski.

“Papa, uliona?” akaniuliza. “Bwana yangu alikuwa ku kuume. Ku kushoto kwangu, nafasi ya papa, ilibakia wazi tangu mulango mpaka kule mbele. Hakuna mutu mwenye aliikamata.”

Nikamwambia ndiyo, niliona. Kisha nikairudisha Nyeupe ndani ya gamba lake.